Kwa Nini Picha Huingia Giza Kompyutani

Mpiga picha anapofungua kwenye kompyuta picha za kidijiti alizoziona ziking'aa nyuma ya kamera, mara nyingi hukuta zimefifia: nyuso zimeingia giza, mikunjo ya nguo nyeusi imetoweka, na rangi zilizokuwa hai saa chache zilizopita zimepoa. Jambo hili huwapata wanafunzi na wazoefu, wenye kamera za bei kubwa na wenye kamera za mtumba, na kwa kuwa huonekana baada ya picha kuhamishwa kutoka kifaa kimoja hadi kingine, wengi hudhani kwamba kuna kitu kilichoharibika njiani, ama kadi ya kumbukumbu, ama waya, ama kompyuta yenyewe. Anayeshikilia dhana hiyo hutafuta dawa mahali pasipo na ugonjwa, na kwa kawaida huishia kuongeza mwangaza wa kila picha kwa kukisia, jambo linalomletea hasara ya pili siku picha hizo zinapochapishwa kwenye karatasi.

Picha ya kidijiti, inapokuwa imelala ndani ya kadi, ni jedwali la namba. Kila nukta yake, yaani pikseli, hubeba namba tatu, moja ya wekundu, moja ya ukijani na moja ya ubuluu, na katika faili la kawaida la JPEG kila namba huwa kati ya 0, ambayo ni giza kabisa, na 255, ambayo ni upeo wa nuru. Faili linaponakiliwa kutoka kadi hadi kompyuta hakuna hata namba moja inayobadilika, kwa sababu nakala yenye namba zilizobadilika ni faili lililoharibika, nalo kwa kawaida hukataa kufunguka au huonyesha mistari na vipande vya rangi zisizo na mpango. Halififii kwa ustaarabu kutoka pembe hadi pembe. Mwangaza, basi, haumo ndani ya faili. Huzaliwa upya kila mara skrini fulani inapozigeuza namba hizo kuwa nuru na jicho la mtu, likiwa katika mazingira fulani, linapoipokea nuru hiyo. Tofauti inayolalamikiwa imo katika skrini, katika jicho, na katika programu zinazosimama kati ya namba na skrini.

Skrini ya nyuma ya kamera ni mgeni wa karibuni katika historia ya upigaji picha. Mpiga picha wa filamu alisubiri hadi filamu isafishwe ndipo ajue alichokipata, na hata kamera za mwanzo za kidijiti hazikumwonyesha mtumiaji picha papo hapo. Casio QV-10, iliyoanza kuuzwa mwaka 1995, ndiyo kamera ya kwanza ya kidijiti kwa wateja wa kawaida iliyokuwa na skrini ya rangi nyuma yake, yenye upana wa inchi 1.8 tu kutoka pembe hadi pembe. Tangu hapo skrini hizo zimekua na kung'aa zaidi, na sababu ya kung'aa kwake ni ya haki: kamera hutumika nje, mahali ambapo jua la mchana huangusha juu ya vitu nuru inayofikia luksi 100,000, luksi ikiwa ni kipimo cha nuru inayoangukia uso wa kitu, ilhali ofisi yenye taa nzuri huwa na luksi 500 hivi. Skrini isiyo na nguvu haisomeki hata kidogo katika jua la namna hiyo. Watengenezaji wameifanya iwe kali, na katika kamera nyingi wameipa uwezo wa kujirekebisha yenyewe kufuatana na nuru iliyopo, kwa lengo la kumwezesha mpiga picha kuona kama amelenga vizuri na kama macho ya mtu yamefumbwa. Haikukusudiwa kuwa kipimo cha mwangaza wa picha, na yeyote anayeitumia kwa kazi hiyo anaiomba jambo ambalo haikuumbwa kulifanya.

Udogo wake nao una athari. Picha yenye pikseli milioni 24 inapobanwa ndani ya skrini ya inchi 3, vivuli vidogo vidogo vya chini ya kidevu, pembeni mwa pua na ndani ya mikunjo ya nguo humezwa na sehemu zenye nuru zilizo karibu navyo, na picha nzima husomeka kama umbo moja linalong'aa. Picha hiyo hiyo ikitandazwa kwenye skrini ya inchi 24, kila kivuli hupata eneo lake, na jicho huanza kuviona vivuli kimoja kimoja.

Jicho lenyewe ndilo sehemu ya mjadala huu inayosahauliwa zaidi, pengine kwa sababu kila mtu huliamini lake. Jicho la binadamu halipimi kiasi cha nuru, hulinganisha. Mboni yake hupanuka kutoka milimita 2 hivi kwenye jua hadi milimita 8 hivi gizani kwa kijana, na nyuma ya mboni utando unaopokea nuru hubadilisha wepesi wake wa kuhisi kwa kiwango kikubwa zaidi, kiasi kwamba mtu aliyekaa gizani kwa dakika 20 au 30 huona vitu ambavyo asingeviona alipoingia. Mpiga picha wa harusi aliyesimama ukumbini usiku, taa zikiwa zimepunguzwa maharusi wanapoingia, ana macho yaliyokwisha kuzoea giza. Skrini ya kamera anayoitazama wakati huo ndicho kitu chenye nuru kuliko vyote vilivyo mbele yake, na picha yoyote itakayotokea humo, hata iliyopungukiwa nuru nusu nzima, itaonekana imejaa mwanga. Kesho yake asubuhi ameketi studio karibu na dirisha, macho yamezoea mchana, na picha ile ile imezungukwa na ukurasa mweupe wa programu pamoja na ukuta uliopigwa na jua.

Athari ya mazingira haya imepimwa. Mwaka 1967 watafiti wawili wa kampuni ya Kodak nchini Marekani, Bartleson na Breneman, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba picha inayotazamwa pakiwa na giza pembeni yake hupoteza kontrasti machoni, yaani umbali kati ya sehemu zake nyeusi na nyeupe huonekana umepungua, kwa kuwa sehemu zake nyeusi huonekana zimefunguka. Picha hiyo ikizungukwa na nuru, weusi wake huonekana umezama. Hii ndiyo sababu filamu za sinema, ambazo hutazamwa ukumbini gizani, zilitengenezwa zikiwa na kontrasti kubwa kuliko picha za kuchapishwa kwenye karatasi. Miaka mingi baadaye, mwaka 1995, Edward Adelson wa chuo cha MIT alichora ubao wa drafti uliofunikwa kwa sehemu na kivuli cha mcheduara, ambamo miraba miwili yenye rangi moja ya kijivu, namba kwa namba, huonekana mmoja mweusi na mwingine mweupe. Kila anayeuona huapa kwamba miraba hiyo inatofautiana, na hata baada ya kuthibitishiwa kwa kipimo jicho lake hukataa kubadili msimamo. Mchoro huo unastahili kutundikwa katika kila darasa linalofundisha upigaji picha, kwa sababu hakuna maelezo yanayoonyesha kwa uwazi zaidi kwamba maneno "inang'aa" na "ina giza" hutaja uhusiano kati ya kitu na vinavyokizunguka.

Hata hivyo, si kila giza linatoka machoni. Kuna sababu iliyo ndani ya kamera na programu, nayo huwasumbua hasa wale wanaohifadhi picha zao katika faili ghafi, ambalo katika menyu za kamera huandikwa RAW. Faili hilo huhifadhi vipimo vya kihisi, yaani kipande cha silikoni kinachopokea nuru nyuma ya lenzi, kabla havijapikwa kuwa picha. Kihisi huhesabu nuru kwa unyoofu: nuru ikiongezeka maradufu, namba nayo huongezeka maradufu. Kitu cha kijivu kinachorudisha asilimia 18 ya nuru inayokipiga, ambacho jicho hukiona kiko katikati ya nyeusi na nyeupe, kwenye kihisi hupata asilimia 18 tu ya upeo. Katika mizani ya 0 hadi 255 hiyo ni kama 46. Namba hiyo ikipelekwa kwenye skrini ya kawaida bila kurekebishwa, skrini itatoa asilimia 2 hivi ya nuru yake, na picha nzima itaonekana kama iliyopigwa magharibi jua likiisha kuzama. Ili kijivu kionekane kijivu, programu sharti iikunje mizani hiyo, iinue namba 46 hadi 118 hivi, na kuzipanga namba nyingine kwa mkunjo uo huo. Hakuna mtu anayeona faili ghafi lenyewe. Kinachoonekana daima ni tafsiri.

Tafsiri hizo ni nyingi, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Kamera, kila inapohifadhi faili ghafi, hupachika ndani yake picha ndogo ya JPEG iliyokwisha kutayarishwa kwa ladha ya mtengenezaji, yenye rangi zilizokolezwa na kontrasti iliyochaguliwa, na picha hiyo ndiyo inayotokea kwenye skrini ya nyuma. Programu ya kompyuta kama Lightroom ya kampuni ya Adobe, iliyotoka mwaka 2007, huweza kuonyesha kwanza picha hiyo iliyopachikwa kwa sababu iko tayari, kisha baada ya muda mfupi kuiondoa na kuweka tafsiri yake yenyewe iliyojengwa kutoka namba ghafi. Mtumiaji huiona picha nzuri ikizimika mbele ya macho yake, na haishangazi kwamba huamini programu imeiharibu. Kilichotokea ni kwamba msanii mmoja ametoka na mwingine ameingia, nao hawakufundishwa na mwalimu mmoja.

Tofauti hukua zaidi pale kamera inapokuwa imewekewa mpangilio wa kuinua vivuli. Nikon huuita mpangilio huo Active D-Lighting na Canon huuita Auto Lighting Optimizer. Katika kamera za Fujifilm kuna mpangilio wa jamaa hiyo wenye alama DR200 na DR400. Ule wa Canon huing'arisha picha ya JPEG baada ya kupigwa. Ule wa Fujifilm hufanya jambo la ndani zaidi, kwani kamera hupokea kwa makusudi nuru pungufu kwa hatua moja au mbili, hatua moja ikiwa ni nusu ya nuru, ili mawingu na nguo nyeupe zisiungue, kisha huziinua sehemu za giza inapotengeneza JPEG; ule wa Nikon nao huweza kupunguza nuru kabla ya kuinua vivuli. JPEG inayopatikana kwa njia hiyo ni nzuri sana. Namba ghafi, lakini, zimebaki na upungufu ule wa nuru, na programu ya kampuni nyingine isiyojua au isiyofuata agizo la kuinua vivuli huzionyesha zilivyo, zikiwa na giza. Programu za watengenezaji wenyewe, kama vile NX Studio ya Nikon na Digital Photo Professional ya Canon, huusoma mpangilio huo na kuufuata, na kufungua faili moja katika programu hizo na katika programu nyingine ni jaribio la haraka la kutambua kama tatizo limetokea hapa. Anayepiga faili ghafi na kuzitengeneza kwa programu ya kampuni nyingine hana faida kubwa ya kuacha mipangilio hiyo ikiwa imewashwa. Ni afadhali aizime, aone kwenye skrini ya nyuma jambo lililo karibu zaidi na alilolinasa.

Mkunjo uliotajwa hapo juu una jina lake, gama, na historia yake ni ndefu kuliko ile ya kompyuta. Mwaka 1890 Ferdinand Hurter na Vero Charles Driffield, waliokuwa wakifanya kazi katika viwanda vya kemikali kaskazini-magharibi mwa Uingereza, walichapisha utafiti ulioonyesha kwa mchoro jinsi weusi wa bamba la picha unavyoongezeka kadiri nuru inavyoongezeka, na mwinamo wa mchoro huo ndio uliopewa jina la herufi ya Kigiriki gama. Televisheni zilipokuja, skrini zake za mirija ya elektroni zilikuwa na tabia ya kimaumbile ya kutoa nuru isiyolingana moja kwa moja na umeme unaoingia: nusu ya umeme haikuleta nusu ya nuru, ilileta chini sana ya hapo. Kwa bahati njema tabia hiyo ilikaribia kuwa kinyume kamili cha namna jicho linavyohisi, kwa maana jicho hutofautisha kwa wepesi viwango vya giza na kwa uzito viwango vya nuru kali. Kwa hiyo kukunja ishara kabla ya kuituma kulirekebisha skrini na wakati uo huo kuliokoa nafasi kwa kuhifadhi kwa umakini zaidi viwango ambavyo jicho huvijali. Mirija imetoweka madukani, lakini mkunjo umebaki, kwa kuwa jicho halijabadilika.

Tatizo lilikuwa kwamba mkunjo haukuwa mmoja. Kompyuta za Apple kwa miaka mingi zilitumia gama ya 1.8, wakati zile za Windows zilikaribia 2.2, na hali hiyo iliendelea hadi Apple ilipohamia 2.2 mwaka 2009 katika toleo la Mac OS X linaloitwa Snow Leopard. Namba 128 katika skrini yenye gama 1.8 hutoa asilimia 29 ya nuru ya skrini. Katika skrini yenye gama 2.2 hutoa 22. Tofauti hiyo inaonekana ndogo. Ikishuka hadi namba 64, mahali vilipo vivuli vya uso na nywele, skrini ya kwanza hutoa asilimia 8.3 na ya pili 4.8, na hapo karibu nusu ya nuru imepotea bila namba yoyote kuguswa. Picha iliyotengenezwa vizuri kwenye kompyuta ya aina moja ilionekana kwenye ya aina nyingine kama iliyopigwa na mtu asiyejua kazi.

Ili kuzuia vurugu hiyo, kampuni za Hewlett-Packard na Microsoft zilipendekeza mwaka 1996 mpangilio wa pamoja uitwao sRGB, unaoeleza namba fulani inamaanisha rangi gani na nuru kiasi gani, na mwaka 1999 ukawa kiwango cha kimataifa. Kabla yake, mwaka 1993, kampuni kadhaa zilikuwa zimeunda chombo cha pamoja kinachojulikana kwa herufi ICC ili kuweka kanuni za profaili, yaani maelezo mafupi yanayoambatana na picha au skrini yakisema namba zake zisomwe kwa mkunjo gani na kwa rangi zipi. Profaili ikipotea au ikipuuzwa, picha husomwa kwa mkunjo usio wake. Mfano ulio wazi ni mpangilio wa ProPhoto RGB, uliotoka Kodak na kupendwa na wahariri wa picha kwa upana wa rangi zake, ambao gama yake ni 1.8. Picha iliyohifadhiwa humo ikifunguliwa na programu inayodhani kila picha ni sRGB, kijivu cha asilimia 18 kitatoka kikiwa asilimia 12 hivi, na rangi zote zitanyauka pamoja nacho. Picha inayokwenda kwa mteja, kwenye intaneti au kwenye simu inafaa iwe sRGB, na profaili iwe ndani yake. Katika kamera ambazo menyu yake ina chaguo la Adobe RGB, asiye na sababu maalumu ya kulichagua aliache.

Katika yote haya kuna jambo linalowagusa wapiga picha wa Afrika kuliko wengine, nalo halizungumzwi vya kutosha. Giza linapoongezeka, haliongezeki kwa usawa. Linakula sehemu za chini za mizani, na uso wa mtu mweusi umo katika sehemu hizo. Kipima mwanga cha kamera hakijui kinachotazama. Hukisia kwamba mandhari yote, ikichanganywa, ni ya kijivu cha kati, na hupanga nuru kwa makisio hayo. Bibi harusi mwenye gauni jeupe akijaza picha, au wazee waliovaa kanzu wakiwa wameketi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kipima mwanga huona weupe mwingi, hukisia kwamba nuru imezidi, na huipunguza. Uso unaorudisha asilimia 10 ya nuru, ambao kwa upimaji sahihi ungepata namba 89, hushuka hadi 63 nuru ikipunguzwa kwa hatua moja tu. Kwenye skrini kali ya kamera, hasa ukumbini usiku, 63 bado huonekana vizuri. Kwenye kompyuta iliyopunguzwa nuru, karibu na dirisha, huwa ni kivuli chenye macho na meno, na mtu aliyelipia kumbukumbu ya siku yake kubwa hupewa picha ya gauni.

Teknolojia yenyewe ina historia hapa. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20 maabara za kuchapisha picha zilisawazisha mashine zao kwa kadi za kulinganishia zilizopewa jina la utani Shirley, ambazo zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ikitoka sawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawa, na ngozi nyingine zilipata kilichobaki. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kwa kuchelewa sana. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikiwa na mpangilio iliouita Real Tone, uliolenga kuzifanya ngozi nyeusi zionekane zilivyo, na huo ulikuwa ukiri wa wazi kwamba makisio ya kamera yalihitaji kurekebishwa. Mpiga picha hana haja ya kuisubiri kampuni yoyote. Anaweza kupima nuru kwenye uso wenyewe badala ya mandhari yote, au kuongeza fidia ya hatua moja pale weupe unapotawala picha, kisha kulinda gauni lisiungue kwa kuangalia grafu iitwayo histogramu.

Histogramu huonyesha ni pikseli ngapi zimeangukia kila kiwango, giza likiwa kushoto na nuru kulia, na kwa kuwa hujengwa kwa namba haijali kama skrini ni kali au hafifu, wala kama ni usiku au mchana. Ikilundikana kushoto na kuacha upande wa kulia mtupu, picha imepungukiwa nuru hata kama inang'aa machoni. Ina upungufu mmoja: katika kamera nyingi hujengwa kutokana na JPEG iliyopachikwa, si kutokana na namba ghafi, kwa hiyo mipangilio ya kuinua vivuli huigusa pia. Pamoja na upungufu huo inaaminika kuliko jicho, na anayeizoea kwa majuma machache huacha kuuliza kama picha inang'aa.

Upande wa kompyuta una kazi yake. Skrini ya kompyuta mpakato huweza kupunguza nuru yenyewe inapotumia betri, jambo ambalo mahali penye kukatika kwa umeme hutokea mara kwa mara na kumfanya mhariri abadilishe picha ambazo hazikuwa na kosa. Skrini za bei ndogo, za aina iitwayo TN, hubadilika pia kufuatana na pembe ya kutazamia, kiasi kwamba kuinua au kuinamisha kifuniko kidogo tu hubadili vivuli vyote. Wanaofanya kazi ya kulipwa huweka nuru ya skrini kati ya kandela 80 na 120 kwa kila mita ya mraba, kandela ikiwa ni kipimo cha nuru inayotoka, gama iwe 2.2, na weupe uwe wa kelvini 6500, yaani ulio karibu na mchana wa kawaida. Kipimo hufanywa kwa kifaa kidogo kinachobandikwa juu ya skrini na kusoma nuru yake. Asiye na kifaa hicho azime marekebisho ya nuru ya moja kwa moja, aketi mahali ambapo nuru haibadiliki kutwa, aweke rangi ya kijivu nyuma ya picha, na aangalie kama anaweza kutofautisha mraba wa namba 10 na mraba wa namba 0. Asipoweza, skrini yake inameza vivuli.

Simu za kisasa zimeongeza hali ambayo malalamiko ya mtumiaji yana ukweli zaidi. Tangu iPhone 12 ya mwaka 2020, na kwa upande wa Android tangu toleo la 14 la mwaka 2023 lililoleta mpangilio wa Ultra HDR, picha ya simu huweza kubeba ramani ya ziada inayoiambia skrini ni sehemu zipi zing'ae kupita weupe wa kawaida, kama vile anga, taa na mng'ao wa mapambo. Skrini ya simu yenye uwezo huo huifuata ramani, na picha huwaka. Kompyuta isiyoielewa huiacha kando na kuonyesha picha ya msingi tu, ambayo ni halali lakini imepoa. Hapa sehemu ya picha kweli haikuonekana, ingawa imo ndani ya faili.

Kosa la kinyume hutokea wakati wa kuchapa. Mhariri ambaye skrini yake inatoa kandela 300 huona kila picha imejaa nuru, huipunguza hadi imridhishe, na karatasi hurudi ikiwa na giza. Karatasi haina nuru yake. Hurudisha ile inayoipiga. Chini ya taa za luksi 500, karatasi nyeupe inayorudisha asilimia 90 hutoa kandela 143 hivi kwa mita ya mraba, ambazo ziko karibu na skrini iliyosawazishwa, na ndiyo maana kiwango cha 120 kilichaguliwa na wengi. Sebuleni jioni, chini ya luksi 100, karatasi hiyo hiyo hutoa kandela 29. Mchapishaji makini humwuliza mteja picha itatundikwa wapi kabla ya kuamua iwe na nuru kiasi gani, na kwa picha ya ukutani ndani ya nyumba yenye taa hafifu huziinua sehemu za kati, zilipo nyuso, na kuuacha weupe wa gauni mahali pake.